Mnyamwezi wa Mnadani Bunju

Twalib hakuwa na kabila. Au tuseme alikuwa nayo yote, na kila asubuhi alivaa moja kulingana na mtu anayekwenda kukutana naye. Kwa wenye maduka ya vipuri alikuwa Mchaga aliyelelewa na shangazi yake Rombo. Kwa wenye mabucha alikuwa Mgogo. Na siku alipotaka chumba cha kupanga kwa familia moja ya Kiarabu kule Magomeni, babu yake alitokea Muscat, tena kwa ngamia, angalau mpaka ufukweni. Kwao hasa ni wapi? Hata mama yake mzazi aliwahi kumuuliza.

Alhamisi moja alikuwa Tegeta anakunywa supu ya kongoro, mkabala na mshirika wake Bupe, gari la matangazo lilipopita taratibu na spika mbili juu ya paa.

"Mnada, mnada, mnada. Jumamosi hii, Bunju, nyumbani kwa marehemu Mzee Sadallah, aliyekuwa mkuu wa stesheni Tabora. Ngoma, zeze, marimba, vinyago, mkusanyiko wa maisha yake yote. Mali halali ya mjane. Dalali wenu ni yuleyule Gregori."

Wateja wengine kibandani walisikia kelele. Twalib alisikia maneno mawili tu: mjane, na Tabora. Akaweka kijiko chini kwa heshima, kama mtu aliyepokea habari za msiba.

"Bupe," alisema, "baba yangu mkubwa amefariki."

"Pole. Yupi tena?"

"Huyo aliyepita na spika."

Bupe alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu, mwanamke mwenye uso wa mwimbaji wa kwaya na moyo wa mpigadebe. Uso ule ulikuwa umewaingizia riziki nyingi, maana hakuna anayedhani kwamba mwimba sauti ya kwanza wa kwaya anaweza kumwibia. Alimega chapati, akasubiri.

"Sikiliza ishu ilivyo," Twalib alisema. "Wenye mahoteli Mbezi Beach wanavililia vitu vya asili. Ngoma moja ya maana wanaitundika mapokezi, mgeni akiingia anajiona kafika Afrika. Sasa wewe na mie hatuna ubavu wa kushindana nao mnadani. Lakini mtoto wa mdogo wake marehemu akisimama akasema vile vitu vina nuksi, nani atanyoosha mkono?"

"Hakuna."

"Isipokuwa mama mmoja mlokole, asiyeogopa mizimu kwa kuwa kaokoka. Anainuka na Biblia yake kwapani, anabeba mzigo wote kwa bei ya kuni."

Bupe alitabasamu kwa upole wa Jumapili. Kisha akakunja uso. "Kwa hiyo wewe utakuwa Mnyamwezi?"

"Mtu wa Tabora atakuwa nani, Mmasai?"

"Bunju imejaa Wazaramo, Twali. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani. Watakuchezea."

"Utani si kucheka tu? Watacheka, nitacheka, tutapakia mzigo."

Hapa inabidi tusimame kidogo, maana ndipo mjanja wetu alipojikwaa bila kujua. Utani wa makabila si kucheka tu. Mtani anaweza kuja msibani kwako, akavaa kanzu ya marehemu, akamwiga anavyokohoa, akachukua kuku, akachukua kiti, akalala kaburini akagoma kutoka mpaka apewe chochote. Na wewe mfiwa huna ruhusa ya kukasirika. Anayemkasirikia mtani wake anajitangaza kuwa si mtu wa kwao. Wenye kabila moja hufundishwa haya tangu utotoni. Twalib, mwenye makabila mengi, alikuwa amesoma kurasa za mwanzo tu za kila moja.

Ijumaa baada ya sala alibisha hodi Bunju, kanzu nyeupe, koti jeusi juu yake, viatu vya ngozi vinavyong'aa na mkungu wa ndizi begani. Nyumba ya marehemu ilikuwa imeezekwa nusu. Vyumba viwili vilikuwa na bati. Vilivyobaki vilifunikwa turubai la bluu lililokuwa likipigapiga kwa upepo. Ukumbini, chini ya turubai hilo, ndiko mkusanyiko ulikokuwa: ngoma za kila kimo zimesimama ukutani, mazeze yametundikwa misumarini, marimba, kayamba, njuga, filimbi, na safu ya vinyago vilivyomtazama mgeni kama kamati ya nidhamu.

Bi Munira, mjane, alikuwa ametoka eda majuma machache yaliyopita. Mwanamke mfupi, mkavu, mwenye macho yasiyokuwa na haraka.

"Shikamoo mama mkubwa," Twalib alisema, na sauti ikamkatika katikati ya shikamoo. Alikuwa fundi wa hilo.

"Marahaba. Mama mkubwa wa nani, mwanangu?"

"Mie Twalib, mtoto wa Hamisi. Mdogo wake baba mkubwa Sadallah. Wa Tabora."

Bi Munira alimwangalia kwa kitambo. "Wa Tabora," alirudia.

"Mnyamwezi halisi, mama. Taarifa za msiba zilichelewa kutufikia. Nimepanda basi na machozi yangu." Akaketi kwenye kochi, akafunika uso kwa viganja, akalia. Alilia kwa mpangilio: kwanza mabega, halafu pua, halafu jina. Baba mkubwa. Baba mkubwa aliyenifunga viatu. Baba mkubwa aliyenipandisha garimoshi nikaiona dunia. Alijishangaa mwenyewe alivyokuwa akilia vizuri siku hiyo.

Bi Munira hakumkatiza. Alikaa akimsikiliza mpaka akamaliza, kisha akajifuta jicho kwa ncha ya khanga na kumletea maji. "Mie Mzaramo wa Kisarawe," alisema. "Kwa hiyo tu watani."

"Ndiyo, mama. Bahati iliyoje."

"Bahati kweli."

Alimweleza hali yake bila kuficha. Marehemu alikuwa akinunua chombo kila stesheni aliyohamishiwa. Wenzake walinunua viwanja, yeye alinunua ngoma. Nyumba hii walianza kuijenga alipostaafu na mauti yakamkuta na bati la vyumba viwili. Masika yalikuwa yanakuja. Mnada ukienda vizuri, anaezeka. Usipokwenda vizuri, analala na mvua.

Twalib aliitikia kwa kichwa, huzuni tupu. Kisha akaanza kazi. "Mama mkubwa, kwetu vyombo vya marehemu haviuzwi hivihivi. Lazima mtu wa damu asimame mbele ya wanunuzi, aseme kila kimoja kilikotoka na kilichobeba. La sivyo vinaondoka na nuksi."

"Kumbe. Basi wewe ndiye utakayesimama."

"Nitajitahidi."

"Njoo mapema," alisema Bi Munira. "Nitawaambia na kaka zangu waje wakuone."

Jumamosi ua ulijaa. Viti vya plastiki, mwavuli wa muuza juisi ya miwa, wazee wa mtaa kwenye mkeka, na vyombo vya marehemu vimetolewa nje vikapangwa mbele. Mstari wa mbele walikaa wanunuzi wawili wa maana. Mmoja ni Kamugisha, mwenye hoteli Mbezi Beach, aliyekuwa amekuja na lori lake kwa kujiamini. Wa pili ni Thuwaini, ambaye ukoo wake umeuza vitu vya kale mjini tangu vilipokuwa vipya. Hao wawili hawakupendana, na kila mmoja aliweka kofia kwenye kiti kilicho katikati yao ili mwenzake asisogee. Nyuma kabisa alikaa Bupe, gauni jeupe, Biblia kwapani. Kwenye mkoba wake kulikuwa na mtaji wote wa kampuni. Ulitokana na kiwanja kimoja cha Kimbiji ambacho Twalib alikuwa amewauzia watu kadhaa, na ambacho hakikuwa chake.

Gregori dalali, mtu mnene mwenye kipaza sauti na nyundo ya fundi seremala, alimtambulisha mtoto wa ukoo. Twalib akapanda juu ya kreti la soda.

"Ndugu wanunuzi," alianza kwa upole, "mimi sitaki mtu adhurike. Zeze hili lilipigwa kwenye harusi tatu. Ndoa zote tatu zimevunjika."

Mwanamke mmoja akamvuta mumewe nyuma.

"Marimba haya alikuwa nayo mwalimu wa Itigi. Ukiyapiga baada ya alasiri, mwenye nyumba anahama bila kujua anahamia wapi. Kinyago hiki chenye meno kinapenda hela. Kikikaa dukani, jioni ukifungua droo unakuta hewa." Hapo alimtazama Thuwaini. "Na ngoma hii kubwa," akamgeukia Kamugisha, "ilikuwa ikigongwa mtemi akitaka wageni waondoke. Hata ukiitundika tu, wageni wanaondoka."

Kamugisha alishusha mkono aliokuwa amekwisha kuuandaa. Gregori alianza na zeze kwa bei ya kawaida, hakuna aliyejibu. Akashusha, na bado kimya. Akashusha tena mpaka akaona haya mwenyewe, akamtazama Bi Munira kama mtu anayeomba radhi. Juu ya nyumba turubai lilikuwa likipigapiga.

Ndipo sauti nyembamba ya kwaya ikatokea nyuma. "Mimi nimeokoka. Nachukua vyote. Kwa bei hiyo ya mwisho."

Gregori akainua nyundo. "Vyote, mara ya kwanza. Vyote, mara ya pili..."

"Ngoja kwanza, dalali," alisema Bi Munira.

Alisimama pale pale mlangoni, akafunga khanga kiunoni. Sote tunajua kwamba mwanamke wa Pwani akifunga khanga kiunoni, mambo yamebadilika.

"Huyu kijana amesema kweli. Nuksi ipo. Lakini wazee wangu mko hapa, niambieni. Nuksi ya Mnyamwezi inaondolewa na nani?"

"Mtani wake," wazee wa mkekani waliitikia kwa pamoja.

"Na mtani wa Mnyamwezi ni nani?"

Waliinuka. Kaka zake Bi Munira walikuwa watano, wavuvi wa watu na wa samaki, na mkubwa wao alikuwa tayari ameshika kibakuli cha unga wa mtama. Kabla Twalib hajashuka kwenye kreti, uso wake ulikuwa mweupe mpaka masikioni.

"Mnyamwezi gani huyu," kaka mkubwa aliuliza umati, "amekuja msibani miezi mizima baada ya maziko? Ametembea kwa magoti?"

"Ametembea kwa mgongo," mwingine akajibu.

"Vua viatu. Hapa ni kwa watani wako."

Twalib alifungua mdomo kusema jambo kali, akaliona tatizo. Akikasirika, si Mnyamwezi. Asipokuwa Mnyamwezi, ni tapeli aliyekuja kumlilia marehemu wa watu, na lango lilikuwa mbali. Akacheka. Kilikuwa kicheko cha mtu anayeng'olewa jino bila ganzi.

Viatu vikavuliwa. Koti likafuata. Kaka mkubwa akavipeleka mezani kwa Gregori, na Gregori, aliyekuwa amefufuka, akavinadi hapo hapo. Viatu vilinunuliwa na muuza juisi. Koti lilimfaa mwenyekiti wa mtaa vizuri kuliko lilivyomfaa mwenyewe.

"Sasa kila chombo tukipige mara moja, huku Mnyamwezi anacheza," alisema Bi Munira, "na nuksi imekwisha."

Wazee wakashika ngoma, mwingine zeze, akina mama wakadaka kayamba. Twalib alicheza pekupeku mavumbini, unga ukimdondoka, na kila alipopumzika mtani mmoja alimkumbusha baba mkubwa aliyemfunga viatu. Umati ulicheka mpaka watu wakashikana mabega. Kilikuwa kicheko kikubwa kuliko mzaha wenyewe ulivyostahili, na mtu mwenye akili zilizotulia angejiuliza kwa nini.

Kamugisha hakuwa akicheka. Alikuwa akifikiri. "Dalali," alisema, "hiyo ngoma iliyofukuza wageni wa mtemi, imeshasafishwa?"

"Umeona mwenyewe, mzee."

"Basi naitaka. Na ile hadithi yake niandikiwe kwenye kibao. Wageni wangu watapiga nayo picha mpaka simu ziishe chaji."

"Mie nazidisha," alisema Thuwaini papo hapo, bila kujua bado anazidisha nini.

Kuanzia hapo nyundo ya Gregori haikupata nafasi ya kupoa. Zeze lililovunja ndoa tatu liligombewa kuliko lingekuwa halijavunja hata moja. Kinyago cha kula hela alikichukua Thuwaini kwa bei iliyothibitisha sifa yake. Marimba ya mwalimu wa Itigi yakaenda Mbezi Beach. Kila uongo wa Twalib ulikuwa sasa unapandisha bei, na yeye amesimama pale anausikia ukilipa, wala si yeye unayemlipa.

"Nani atabeba?" aliuliza Kamugisha.

"Swali gani hilo?" alisema kaka mkubwa. "Wapagazi wa nchi hii tangu enzi za misafara walikuwa nani?"

Basi Twalib akabeba. Ngoma kichwani, marimba begani, kinyago kifuani, kutoka uani mpaka kwenye lori, na kurudi, jua la Bunju likimpika na unga wake. Kwenye mojawapo ya safari hizo alimtafuta Bupe kwa macho. Kiti chake kilikuwa kitupu. Pikapu waliyokodi ilikuwa inapinda kona kuelekea Barabara ya Bagamoyo, ikiwa na mama mlokole, Biblia na mkoba. Alitaka kupiga kelele. Akakumbuka kwamba mbele ya watu hawa yeye hamjui.

Alasiri ua ulikuwa mtupu. Twalib alikuwa ameinama kwenye ndoo nyuma ya nyumba ananawa uso, Bi Munira alipokuja na sahani ya wali na malapa ya zamani.

"Kula, Mnyamwezi."

Alikula. Njaa haina aibu. Alipofika nusu ya sahani aliuliza, bila kuinua macho, "Ulijua lini, mama?"

"Siku ile ile. Mume wangu alikuwa Myao wa Tunduru. Tabora alipelekwa na kazi."

Twalib akaacha kutafuna. "Myao?"

"Myao. Wala hakuwa na mdogo wake anayeitwa Hamisi."

"Na hawa kaka zako wanajua?"

"Bunju nzima inajua. Mzee kaishi hapa miaka, utamficha nani kabila lake? Unadhani walikuwa wanacheka kucheza kwako?"

Njia ya mwongo ni fupi, wazee walisema, ila hawakusema kwamba wakati mwingine majirani wote wamepanga viti kando yake. Twalib aliona haya, na haya hiyo ilimshangaza, kwa kuwa alikuwa amesahau inavyouma.

"Mbona hukuniitia mgambo?"

Bi Munira alikaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi na kunyoosha miguu. Kwa mara ya kwanza alionekana amechoka. "Watu wa kwao walimsusa aliponioa. Walimtafutia binamu, akanitaka mie. Alipofariki niliwapigia simu, wakasema wamesikia. Wakakata. Tumemzika na majirani, Twalib. Hakuna hata mmoja aliyesimama pale akamwita ndugu." Akafungua fundo la khanga kiunoni. "Halafu wewe ukaja, ukakaa kwenye kochi langu ukalia, baba mkubwa, baba mkubwa. Nilijua ni uongo. Lakini niliupenda. Nilitaka nikunyamazishe nikashindwa, kwa kuwa nilitamani kuusikia mpaka mwisho."

Twalib alitafuta neno. Alikuwa na maneno ya Kichaga, ya Kigogo na ya Muscat, na hakuna lililofaa.

"Jumatatu fundi anapandisha bati," Bi Munira alisema, akisimama. "Nimeona unaweza kubeba."

Tungependa kusema kwamba Twalib alitubu. Hakutubu. Jumapili kutwa nzima alimsaka Bupe kutoka Mbagala mpaka Tandika, hakumpata, na jioni yake alikuwa Mpare kwa mwenye gereji mmoja. Lakini Jumatatu asubuhi, malapa ya marehemu miguuni, alikuwa Bunju, ameshika ngazi kwa mkono mmoja na bati kichwani kwa mwingine. Turubai lilikuwa limeshateremshwa na kukunjwa.

Fundi, mgeni wa mtaa ule, alilipokea bati akiwa juu ya kenchi za paa. "Braza, wewe nani hapa? Kibarua?"

"Mtoto wa mdogo wake marehemu."

"Aa. Mtu wa wapi?"

"Myao," alisema Twalib. "Myao wa Tunduru."

Dirishani Bi Munira alikuwa akichambua mchele, na mikono yake ilisimama kidogo kabla ya kuendelea. Twalib akarudi chini kuchukua bati jingine. Ulikuwa uongo wake wa kwanza ambao haukumtoza mtu yeyote kitu.